Fundi Bomba Mpya na Mwalimu Mpya: Kujiamini na Mazoea Mema ya Kazi

Utangulizi

Huenda mwanachuo akashangaa kuona habari za ufundi bomba katika kurasa zinazoshughulikia mbinu za kufundishia. Tunazo sababu mbili za kuziandika hapa. Kwanza, wengi wa watoto tutakaowafundisha hawatakaa ofisini. Baadhi yao watakuwa mafundi, na msingi wa tabia ya fundi hujengwa katika shule ya msingi kabla mtoto hajashika spana. Pili, fundi aliyepata cheti chake jana na mwalimu aliyepata cheti chake jana wanafanana kwa mambo mengi. Wote wawili wamefaulu mtihani, wote wawili wanatazamwa na watu, na wote wawili wanaogopa siri moja: kwamba huenda watu wakagundua kuwa hawajui vya kutosha.

Mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, alisisitiza kwamba shule isitenge masomo na kazi. Mara nyingi tumeyatafsiri maneno hayo kuwa ni jembe na bustani ya shule tu. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha kwamba namna ya kufanya kazi, yaani utaratibu, uangalifu na ukweli, nayo ni somo, na kwamba mwalimu hawezi kulifundisha asipokuwa amelifuata yeye mwenyewe.

Kisa cha mtaro uliofukiwa mapema

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katika shule moja ya msingi tukiwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Wakati huo huo kijana mmoja, fundi bomba aliyekuwa ametoka kupata cheti chake, alikuwa akilaza bomba kutoka kwenye tangi la lita 5,000 hadi mahali pa kunawia mikono, umbali wa mita 60. Bomba lilikuwa la chuma, vipande kumi vya mita 6 kila kimoja. Katikati ya njia aliweka yunioni, na mwishoni zilikuwapo koki sita. Mtaro ulipita chini ya uwanja wa gwaride.

Siku ya Ijumaa wageni walitarajiwa. Alhamisi jioni Mwalimu Mkuu alifika mtaroni. Kijana alisimama, akapangusa mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Tayari?"

Kijana aliutazama mtaro, akatutazama na sisi tuliokuwa tumesimama kando. Alianza kusema kwamba yafaa maji yafunguliwe kwanza, mtaro uachwe wazi mpaka asubuhi. Ndipo mmoja wetu akamwambia, "Fundi, wageni wanakuja kesho. Uwanja utakuwaje na shimo katikati? Fukia tu." Kijana akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Haya, ni tayari, Mwalimu." Wanafunzi wakaleta majembe, mtaro ukafukiwa kabla ya giza.

Ijumaa koki zote sita zilitoa maji, wageni wakapiga makofi. Saa 12 jioni tangi lilijazwa tena hadi juu. Jumatatu saa 12 asubuhi mlinzi alipoligonga, lililia kama ngoma, lilikuwa tupu. Hapakuwa na dimbwi popote, kwa kuwa ardhi ya pale ni ya mchanga, nao uliyameza maji yote kimya kimya. Hebu tufanye hesabu: kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 60. Lita 5,000 zikigawanywa kwa saa 60 ni lita 83 na kidogo kwa kila saa, yaani karibu lita 1.4 kwa kila dakika. Kwa muda wa siku mbili watoto wa shule ile walibeba ndoo kutoka kisimani, na vipindi vya asubuhi vilianza kwa kuchelewa.

Tunakieleza kisa hiki bila kuficha sehemu yetu. Kijana alijua lililo sahihi, na alianza kulisema. Kilichompungukia hakikuwa elimu. Alikosa ujasiri wa kuisimamia elimu yake mbele ya watu waliomzidi umri na cheo. Nasi, ambao kila siku tunawaonya wanachuo wasikimbilie mada mpya kabla ya kupima kama watoto wameelewa ile ya kwanza, ndio tuliomharakisha.

Jinsi kosa lilivyotafutwa

Kilichofuata ndicho kilichotufunza zaidi. Kijana aliitwa. Alifika, akasikiliza, wala hakulaumu mtu. Alisema, "Sikulijaribu bomba kabla ya kufukia. Naomba nilitafute kosa mwenyewe." Sisi tulidhani atachimba mtaro mzima upya. Hakufanya hivyo.

Alifukua mahali pa yunioni, akaifungua, na hivyo akaligawa bomba katika nusu mbili. Nusu ya kwanza, iliyotoka kwenye tangi, aliiziba mwisho wake. Kwenye upande wa tangi alifunga mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akausimamisha kwa kuufunga kwenye mti, akajaza maji mpaka yakaonekana ndani ya mpira, akatia alama kwa kamba. Tulingoja nusu saa. Maji hayakushuka. Akahamishia mpira kwenye nusu ya pili, koki zote sita zikiwa zimefungwa. Safari hii maji yalishuka mbele ya macho yetu. Hivyo mita 30 ziliondolewa katika shaka bila kuchimbwa. Katika nusu iliyobaki mlikuwa na soketi nne zilizounganisha vipande vitano. Alichimba kwenye ya pili, akakuta mchanga mkavu. Alichimba kwenye ya tatu, akakuta mchanga mbichi. Soketi ile ilikuwa imekazwa kwa mkono tu, na meno ya bomba hayakuwa na utepe wa kuzibia. Alikumbuka mara moja: hapo ndipo alipoitwa aende kuonyesha mahali pa kuweka koki, naye aliporudi alianza na kiungo kilichofuata.

Kisa hiki kina sura mbili. Siku ya Alhamisi tulimwona kijana asiyejiamini. Siku ya Jumatatu tulimwona kijana yule yule akifanya kazi kwa utulivu mbele ya watu wale wale, japo sasa alikuwa na kosa lililo dhahiri. Ni nini kilichobadilika? Jibu letu ni kwamba siku ya Jumatatu alikuwa na utaratibu wa kushika. Aliyejua hatua inayofuata hana nafasi kubwa ya kuogopa.

Kujiamini hutoka wapi?

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alitoa nadharia juu ya imani aliyo nayo mtu kwamba anaweza kuitimiza kazi fulani. Alieleza kwamba imani hiyo hutokana na mambo manne. Tuyapime moja moja kwa mfano wa fundi na wa mwalimu.

(a) Matendo yaliyofaulu. Hiki ndicho chanzo chenye nguvu kuliko vyote. Fundi mpya akibadilisha mpira wa ndani wa koki inayodondosha, nayo ikaacha kudondosha, amepata ushahidi ambao hakuna hotuba inayoweza kumpa. Kwa hiyo fundi mwenye busara hutangulia na kazi ndogo anazoweza kuzimaliza vizuri, ndipo apande kwenye kubwa. Mwalimu mpya naye asianze wiki ya kwanza kwa mbinu kumi. Achague moja, kwa mfano namna ya kuuliza swali na kungoja jibu, aifanye mpaka ikae.

(b) Kuwaona wengine wakifanya. Fundi kijana hujifunza zaidi akimtazama fundi wa rika lake akifanya kazi kuliko akimtazama bingwa asiyekosea kamwe. Hali kadhalika mwanachuo aingie katika darasa la mwenzake, akae nyuma, aandike alichokiona. Kuona mwenzako akipotea katikati ya somo na kisha kurejea njiani ni elimu kubwa.

(c) Maneno ya kutia moyo. Maneno haya husaidia yanapokuwa ya kweli na yanapotaja jambo lenyewe. "Umefanya vizuri" ni maneno mepesi. "Viungo vyote ulivyovitia utepe havivuji" ni maneno yenye uzito, kwa kuwa fundi anajua arudie nini kesho.

(d) Hali ya mwili na moyo. Mikono ikitetemeka, mtu hudhani kwamba hawezi, kumbe pengine hakula wala hakulala. Fundi aliyechoka hukaza soketi vibaya. Mwalimu aliyekesha akitayarisha zana huwakaripia watoto bila sababu. Kupumzika ni sehemu ya matayarisho.

Mwanachuo atatambua kwamba kati ya mambo haya manne hakuna lile la kujifanya unajua. Wengi wetu tulifikiri kwamba kujiamini ni kusema kwa sauti kubwa na kutoonyesha shaka. Neno "tayari" la Alhamisi jioni lilikuwa la namna hiyo. Mficha uchi hazai. Na fundi afichaye asilolijua hazai ufundi.

Mazoea mema ya kazi

Kujiamini bila mazoea mema ni hatari, na mazoea mema humletea mtu kujiamini hata asipokutafuta. Tumeyachagua mazoea matano ya fundi bomba ambayo yanamfaa mwalimu mpya.

1. Kutayarisha kabla ya kuanza. Fundi mzuri hutazama kazi nzima kabla ya kukata kipande cha kwanza. Hupima njia, huhesabu viwiko, soketi na koki, huhakikisha kwamba spana za bomba ni mbili, kwa kuwa moja hushika na nyingine hukaza. Akilaza bomba la maji machafu, huamua mteremko mapema. Kipimo kinachotumika sana kwa bomba la milimita 100 ni 1 kwa 40, yaani kwa kila mita 4 bomba hushuka sentimita 10. Asipopanga hilo mwanzoni, atafika kwenye chemba na kukuta kwamba bomba liko chini mno au juu mno. Andalio la somo ni mteremko wa mwalimu: huonyesha tunaanzia wapi, tunaishia wapi, na kila hatua inashuka kiasi gani ili mtoto asikwame.

2. Kumaliza kiungo kimoja kabla ya kwenda kingine. Baada ya tukio lile, kijana wetu alijiwekea desturi. Kila kiungo akishakitia utepe kwa kuufuata mkondo wa meno, na akishakikaza kwa spana, hukitia alama ya chaki. Akiitwa njiani, akirudi hutazama chaki wala haitegemei kumbukumbu. Jambo hili ni dogo, lakini linaondoa shaka nyingi. Mwalimu naye huitwa katikati ya kipindi: mzazi amefika, mtoto ameugua. Aandike pembeni mwa andalio mahali alipofikia na majina ya watoto ambao bado hajasikia majibu yao.

3. Kujaribu kabla ya kufukia. Hili ndilo zoea kuu. Bomba hujazwa maji, hewa hutolewa, miisho hufungwa, kisha fundi hungoja na kukagua kila kiungo kwa jicho na kwa kidole kikavu. Katika kazi kubwa hutumiwa pampu ya kupimia, na bomba hujaribiwa kwa kanieneo inayozidi ile ya kazi ya kila siku. Aghalabu hufanywa mara moja na nusu yake. Ifahamike kwamba kimo cha maji cha mita 10 huleta kanieneo inayokaribia ile ya hewa inayotuzunguka. Kwa hiyo hata tangi lililoinuliwa mita chache lina nguvu ya kutosha kuyapenyeza maji katika meno yasiyozibwa. Kwa mwalimu, kufukia ni kuhamia mada mpya. Kabla ya kuhamia, tutoe maswali mafupi matatu au manne, kila mtoto ajibu katika daftari, nasi tupite tukitazama. Kibwagizo cha "Mmeelewa?" na "Ndiyooo!" si jaribio. Ni sawa na koki za Ijumaa, zilizotoa maji huku bomba likivuja chini ya uwanja.

4. Kuandika kumbukumbu. Fundi mwenye daftari huchora njia ya bomba, akaonyesha viungo viko wapi na koki ya kufungia iko wapi. Miaka mitano baadaye fundi mwingine hatachimba kwa kubahatisha. Mwalimu aandike maoni baada ya kila somo siku ile ile: nini kilifaulu, nani alikwama, wapi turudie. Maoni ya "Somo lilikwenda vizuri" hayamsaidii mtu yeyote, hata aliyeyaandika.

5. Kuuliza na kukiri. Kuuliza si ujinga. Fundi mpya anayeuliza kabla ya kukata humwokolea mwenye nyumba bomba zima. Tena akikosea, husema mapema, wakati marekebisho yangali madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni na mtoto akaiona, aseme, "Umeona vyema, nimekosea, tusahihishe pamoja." Heshima yake haitapungua, na darasa zima litakuwa limefundishwa jinsi mtu mzima anavyokabili kosa lake.

Tunapenda kuongeza neno juu ya utafutaji wa kosa. Kijana hakuchimba kila mahali. Aligawa kazi katikati, akathibitisha nusu iliyo nzima, ndipo akaifuata nusu yenye kosa. Mtoto akishindwa kugawa 624 kwa 12, tusimrudishie somo zima la kugawanya. Tupime kwanza kama anaijua jedwali ya 12. Kama anaijua, tupime kutoa kwake. Kama hakuna kosa, tutazame anavyopanga tarakimu katika nafasi zake. Mara nyingi kiungo kimoja tu ndicho kilichokosa kukazwa. Mwalimu anayejua hivi hatamwita mtoto mjinga, kama ambavyo fundi haliiti bomba zima bovu.

Somo la mfano kwa Darasa la VI

Madhumuni: Mwisho wa somo la dakika 80 wanafunzi waweze (i) kupima maji yanayopotea kwa uvujaji, (ii) kukokotoa upotevu wa siku nzima, na (iii) kueleza kwa nini kazi hujaribiwa kabla ya kukabidhiwa.

Zana: Dumu la lita 20 lenye koki, ndoo, chupa yenye vipimo vya mililita, saa, vipande viwili vifupi vya bomba la nusu inchi vyenye meno, soketi, utepe wa kuzibia, spana mbili.

Hatua ya kwanza. Mwalimu ajaze dumu na kulegeza koki ili idondoshe taratibu. Wanafunzi wahesabu matone kwa dakika moja, kisha wakinge maji kwa dakika tano na kuyapima. Tukichukua kwamba matone 20 hufanya mililita 1, koki inayotoa tone moja kwa kila sekunde hupoteza matone 86,400 kwa siku, yaani mililita 4,320. Hiyo ni zaidi ya lita 4. Wanafunzi wakokotoe upotevu wa mwezi wa siku 30 kwa lita. Jibu ni 129.6. Haba na haba hujaza kibaba, na pia hukimwaga.

Hatua ya pili. Kikundi kimoja kiunganishe vipande vya bomba bila utepe, kwa mkono. Kikundi cha pili kitumie utepe na spana. Kila kikundi kizibe upande mmoja, kijaze maji, kisimamishe bomba na kungoja dakika kumi huku kikikagua kiungo.

Hatua ya tatu. Kila kikundi kitoe taarifa ya kweli ya kilichoonekana. Hapa mwalimu awe mwangalifu sana. Mtoto atakayesema "Kiungo chetu kinavuja" asichekwe, wala asiharakishwe. Aulizwe, "Mmekionaje? Mtafanya nini?" Apewe nafasi ya kukaza upya na kujaribu tena. Maji kidogo yakimwagika sakafuni, hiyo ni gharama ndogo. Tukimcheka leo, tunamfundisha kusema "tayari" kesho.

Tathmini: Wanafunzi waandike sentensi tano juu ya jambo walilolijaribu, likashindikana, wakalirekebisha.

Hitimisho

Tangu Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, vijana wengi nchini Tanzania wamejifunza ufundi bomba katika vyuo vyake, na wengine wamejifunza kwa kufuatana na mafundi mitaani. Vyovyote iwavyo, kila mmoja wao alipita kwanza mbele ya mwalimu wa shule ya msingi. Huko ndiko alikojifunza kama kosa hufichwa au husemwa.

Yule kijana alirudi shuleni pale mwezi mmoja baadaye, bila kuitwa, kukagua koki zake. Mwalimu Mkuu alimkuta amechuchumaa kwenye koki ya sita akipapasa kiungo kwa kidole. Alimwuliza, "Tayari, fundi?" Akajibu, "Bado kidogo, Mwalimu. Ngoja nijaribu." Mwalimu Mkuu akangoja. Sisi tunaamini kwamba siku ile wote wawili walikuwa wamehitimu.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja nyakati mbili katika mazoezi yako ya kufundisha ambapo ulisema "tayari" kabla ya kujaribu. Ni nani au nini kilikuharakisha?
2. Chagua zoea moja kati ya yale matano. Eleza utakavyolitekeleza katika wiki ya kwanza ya kazi, na utakavyojua kama umefaulu.
3. Mwanafunzi wa Darasa la IV anashindwa kusoma kifungu kwa ufasaha. Ukiiga njia ya fundi, eleza hatua utakazochukua ili kupata mahali hasa palipo na kosa.
4. Kama ungalikuwa umesimama kando ya mtaro Alhamisi ile, ungalimwambia nini kijana? Na ungaliwaambia nini wakufunzi wako?